Sehemu Iliyopotea ya Filamu ya Zamani: Nakala Ipi Uitegemee?

Dakika zilizokatwa kwenye filamu ya zamani si lazima ziwe zimeangamia. Mkasi ulipita kwenye negativu, yaani mkanda mama ambao nakala huchapwa kutoka kwake, lakini nakala zilizokuwa zimekwisha kuchapwa na kusafirishwa zilibaki zilivyo, kila moja na njia yake. Nyingine ilikwenda kwenye majumba ya sinema ya nchi ya mbali, nyingine ikapunguzwa kutoka mkanda wa sinema wenye upana wa milimita 35 (35mm) iwe 16mm kwa ajili ya shule na vilabu, nyingine ikauzwa kwa vipande vifupi vya kuonyeshwa nyumbani. Miaka mingi baadaye mtu anafungua makopo, anakuta nakala tatu au nne za filamu ileile, hakuna iliyo kamili. Hapo ni lazima aamue ipi iwe msingi, ipi itoe kinachokosekana na ipi iwekwe kando.

Wengi huanza na ukubwa wa mkanda: 35mm juu, 16mm chini yake, 9.5mm mwisho. Kwa ubora wa picha mpangilio huo ni sahihi. Kwa sehemu iliyopotea, unapotosha. Swali la kwanza ni nakala ilichapwa lini, na ilichapwa kutoka kwenye nini. Nakala ya 16mm iliyotokana na negativu kabla haijakatwa inaishinda 35mm safi iliyochapwa mwaka mmoja baadaye, kwa sababu hiyo ya pili, hata iwe nzuri kiasi gani, haina unachokitafuta.

Tarehe ya mkasi na tarehe ya kuchapwa

Metropolis ya Fritz Lang ilizinduliwa Berlin Januari 1927 ikiwa na urefu wa mita 4,189. Haikuchukua muda ikakatwa vibaya, na kwa miongo mingi nakala zilizojulikana zilitokana na matoleo yaliyokatwa. Ila nakala ndefu ilikuwa imekwisha kufika Buenos Aires mikononi mwa msambazaji wa huko. Mkanda wenyewe wa 35mm haukudumu. Kilichodumu ni nakala yake ya 16mm, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970. Ilipotambuliwa mwaka 2008 katika Museo del Cine Pablo C. Ducrós Hagen, picha yake ilikuwa imejaa mikwaruzo kama mvua, na kingo zake zimekatwa. Hata hivyo ilirudisha dakika 25 hivi ambazo wataalamu walikuwa wamekwisha kuzikatia tamaa.

La Passion de Jeanne d'Arc ya Carl Theodor Dreyer inaonyesha upande mwingine wa jambo hilihili. Negativu yake iliungua Berlin Desemba 1928. Dreyer akaunda toleo la pili kwa shoti za akiba ambazo hakuwa amezitumia mwanzo, na watu wakaendelea kutazama kitu ambacho hakikuwa filamu ile ya kwanza. Mwaka 1981, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dikemark nchini Norwei, ikapatikana nakala ya 35mm ya nitrati, plastiki ya zamani inayowaka upesi iliyotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, yenye vibao vya maandishi ya Kidenmaki, iliyochapwa kutoka kwenye negativu ya kwanza kabla ya moto. Hapo tarehe na ukubwa vilikubaliana, jambo ambalo ni bahati. Mara nyingi utalazimika kuchagua kimojawapo.

Kuna namna ya kukadiria tarehe bila barua wala stakabadhi. Chukua mkanda, uweke juu ya meza yenye mwanga, usome ukingo wake nje ya matundu. Kodak waliweka alama za mwaka wa kutengenezwa kwa mkanda: duara kwa 1916, mraba kwa 1917, pembetatu kwa 1918, na kuendelea kwa kuziunganisha, kisha mzunguko ukarudi mwanzo kila baada ya miaka 20. Duara moja linaweza kuwa 1916, 1936, 1956 au 1976. Aina ya mkanda ndiyo itakayokupunguzia uwezekano huo: kama ni nitrati, 1956 na 1976 huzihesabu.

Mtego uko kwenye rangi ya alama yenyewe. Maandishi ya mkanda ulioushika huonekana meusi juu ya ukingo mweupe unaopitisha mwanga. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye negativu huonekana meupe juu ya ukingo mweusi. Kwa hiyo nakala moja inaweza kubeba miaka miwili, mmoja wa negativu na mmoja wa nakala, na yote miwili ni ya thamani: wa kwanza unakwambia tawi lilianzia wapi, wa pili lilikatika lini kutoka kwa mama yake. Neno la NITRATE nalo hunakilika vilevile kwenye mkanda wa asetati, plastiki salama zaidi, na SAFETY pia, hivyo usiamini neno kabla ya kutazama kama ni jeusi au jeupe.

Hatua inayofuata ni urefu. Mita moja ya 35mm ina fremu 52.5, mita moja ya 16mm ina fremu 131 hivi. Mita 4,189 za Metropolis ni fremu zinazokaribia 220,000, yaani dakika 153 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Bodi za ukaguzi za zamani ziliandika urefu kwa mita, nazo ni mizani nzuri kuliko dakika, kwa kuwa filamu bubu zilionyeshwa kwa kasi yoyote kati ya 16 na 24, hata zaidi. Ila urefu mfupi usikufanye uitupe nakala. Nakala iliyopungukiwa rili (mizunguko ya mkanda) mbili inaweza kuwa na shoti tano zisizopatikana kwingine. Orodhesha kila shoti, hesabu fremu zake, andika fremu ya kwanza na ya mwisho zinaonyesha nini. Kinachorudi mara nyingi si tukio zima, ni mwanzo au mwisho wa shoti ambao mhariri wa baadaye aliunyoa.

35mm ya nitrati

Ikiwa ni ya kabla ya mkasi, hii ndiyo ya kuchukuliwa bila ubishi. Fremu yake ni kubwa, chembe ni ndogo, weusi wake una kina, na ikiwa ilitiwa rangi kwa kuchovywa, hiyo inaweza kuwa kumbukumbu pekee ya rangi ambazo watazamaji wa kwanza waliziona. Negativu ya nyeusi na nyeupe haikuambii kwamba tukio la usiku lilikuwa la buluu, nakala inakwambia.

Gharama yake ni hatari na uozo. Nitrati ilitumika kwenye 35mm hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ikishika moto hujitengenezea oksijeni yake, ndiyo maana haizimiki kwa kufunikwa wala kwa kutumbukizwa majini, na moshi wake una gesi za sumu. Usiipitishe kwenye projekta hata mara moja ili "uone tu kuna nini". Itazame mezani, kwa mkono, kwenye chumba chenye hewa, mbali na taa za moto. Kuisafirisha ni kusafirisha mzigo wa hatari, na sheria za usafirishaji zinautambua hivyo.

Uozo wake una hatua zinazojulikana. Kwanza picha hufifia na mkanda kuwa wa kahawia, kisha tabaka la picha hunata, halafu hutoa mapovu na ute kama asali, kisha rili yote huganda kuwa pande moja, na mwisho huwa vumbi la kahawia. Katika hatua mbili za mwanzo rili nzima bado hunakilika. Ya tatu inanakilika kwa sehemu, na hapo siku zina maana: kama sehemu uliyoitafuta iko kwenye rili inayonata, hiyo ndiyo ya kuskaniwa kwanza, hata kama rili nyingine zinavutia zaidi. Usiivute rili iliyonata kwa nguvu. Tabaka la picha litabaki kwenye mgongo wa mzunguko wa jirani na huwezi kulirudisha.

Kisha pima kusinyaa. Matundu 100 ya 35mm mpya ya nakala yana urefu wa milimita 475. Ulaze mkanda bila kuuvuta kwenye rula ya chuma, hesabu matundu 100, pima. Ukipata 470, umesinyaa kwa asilimia 1 na zaidi kidogo, na mashine zinazoshika matundu kwa meno zitaupasua. Kwa 16mm, matundu 100 ni milimita 762; ukipata chini ya 754, umevuka asilimia 1. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa rili, kwa sababu kusinyaa hakulingani, na kiungo kilichowekwa baadaye kinaweza kuwa cha mkanda mwingine kabisa.

16mm, na sababu ya kutoihukumu kwa jina

| Mkanda | Fremu (milimita) | Fremu kwa mita | Eneo la picha (likilinganishwa na 35mm bubu) |
|---|---|---|---|
| 35mm bubu | 24.89 × 18.67 | 52.5 | kamili |
| 35mm yenye sauti | 21.95 × 16.00 | 52.5 | robo tatu |
| 16mm | 10.26 × 7.49 | 131 | sehemu moja ya sita |
| 9.5mm | 8.5 × 6.5 | 133 | sehemu moja ya nane |

Sehemu moja ya sita inaonekana kidogo, lakini 16mm si kitu kimoja. Kuna iliyopunguzwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu ya 35mm au kutoka kwenye nakala kuu, na kuna iliyopunguzwa kutoka kwenye nakala chakavu iliyokwisha kuzunguka majumba ya sinema. Tofauti ya hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya 16mm nzuri na 35mm ya kizazi cha nne, yaani nakala ya nakala iliyorudiwa mara kadhaa. Rili ya pili ya The Battle of the Century ya Laurel na Hardy, iliyohesabiwa kuwa imepotea kwa miongo mingi, ilitangazwa kupatikana mwaka 2015 ikiwa 16mm, na ni 16mm ya ile aina nzuri. Zile za maktaba ya Kodascope, ambazo Kodak walizikodisha kwa maonyesho ya nyumbani tangu katikati ya miaka ya 1920, nazo mara nyingi zilitoka kwenye 35mm safi. Ubaya wake ni kwamba nyingi zilifupishwa makusudi.

Ili ujue uliyonayo ni ya aina gani, shika mkanda chini ya taa moja iliyo pembeni na uuinamishe polepole. Mkwaruzo wa mkanda wenyewe utameremeta ukikamata mwanga. Mkwaruzo unaouona ndani ya picha lakini hauonekani juu ya uso wa mkanda hata uuinamishe vipi, huo ulinakiliwa. Ulikuwa kwenye 35mm ya zamani na sasa ni sehemu ya picha. Tafuta pia alama za kubadilishia rili kwenye kona ya juu kulia karibu na mwisho wa rili. Zikiwa zimechongwa kwa mkono, zina kingo zilizochakaa, na zimenakiliwa, basi chanzo kilikuwa nakala iliyofanya kazi ukumbini. Mstari wa kiungo unaoonekana ndani ya picha bila kiungo chochote kushikika kwa kidole unasema hivyohivyo.

Hatari nyingine ya 16mm ni kingo. Filamu bubu ilipigwa kwa fremu iliyojaa upana wote kati ya matundu. Waliokuja kuipunguza baadaye mara nyingi walitumia lango (dirisha la mashine linalopitisha picha) la filamu ya sauti, ambalo huacha nafasi ya njia ya sauti upande mmoja. Matokeo yake picha hupoteza ukanda upande huo na kidogo juu au chini. Hilo ndilo lililoipata nakala ya Buenos Aires. Katika toleo la 2010 sehemu iliyokosekana iliachwa nyeusi, picha haikuvutwa ili kujaza, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: ukiivuta, nyuso zitaruka ukubwa kila shoti inapobadilika kati ya vyanzo viwili.

Nakala za 16mm za televisheni zichunguzwe viungo vyake. Vituo vilikata ili kupisha matangazo, na vilikata nakala, si negativu. Ikiwa kiungo kinashikika kwa kidole, nakala dada ya kituo kingine inaweza kuwa nzima. King Kong ya 1933 ilinyofolewa matukio kadhaa iliporudishwa sokoni mwaka 1938. Matukio hayo yalirudi kwanza kwa njia ya nakala ya 16mm, na baadaye nakala ya 35mm ya Uingereza ikatoa picha bora zaidi. Hivyo ndivyo 16mm inavyotakiwa kutumika: ionyeshe kwamba kitu kipo na kilikaa wapi, huku msako wa 35mm ukiendelea.

9.5mm na ndogo zaidi

Pathé walianzisha 9.5mm mwaka 1922 kwa ajili ya nyumbani, na tundu moja katikati kati ya fremu. Usitarajie filamu nzima humo. Ziliuzwa kama muhtasari, na mara nyingi aliyezifupisha alichagua matukio ambayo mhariri wa ukumbini aliyaondoa, ndiyo maana zina faida. Kevin Brownlow alianza kazi yake ya Napoléon ya Abel Gance mwaka 1954 kwa rili za 9.5mm, na kutoka hapo akafuata njia hadi kwenye 35mm.

Wakati wa kuskani, kumbuka kwamba vibao vya maandishi vya 9.5mm vilichapwa kwa fremu chache tu, na ukingo wa mkanda ukakatwa pengo dogo lililoifanya projekta isimamishe fremu hiyo kwa sekunde kadhaa. Skana hailijui pengo hilo. Kibao kitapita kama mweko na usipokuwa makini utakihesabu kuwa hakipo. Tundu la katikati nalo huharibu picha likichanika, kwa kuwa ufa unakwenda moja kwa moja kwenye fremu, tofauti na 35mm ambapo ufa wa tundu unaweza kuishia pembeni.

Kama una 9.5mm na 16mm ya aina mbaya za sehemu ileile, skani zote mbili. Mara kadhaa 9.5mm, ingawa ndogo, iko karibu zaidi na negativu na ina nyuso safi.

Nakala za ng'ambo

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Katika zama za filamu bubu lilikuwa jambo la kawaida kutengeneza negativu zaidi ya moja: kamera mbili zikiwa ubavu kwa ubavu, au shoti ileile ikirudiwa, nzuri ikabaki nyumbani na ya pili ikapelekwa nje. Metropolis ilikuwa na negativu tatu. Kwa hiyo shoti utakayoikuta kwenye nakala ya nje inaweza kuwa tukio lilelile kutoka pembe iliyosogea kidogo, au mwigizaji akigeuza kichwa kwa namna tofauti.

Weka fremu mbili sambamba na utazame vitu vya mbele dhidi ya vitu vya nyuma. Kingo za mlango zikihama ukilinganisha na bega la mwigizaji, hizo ni kamera mbili. Mkono ukiwa mahali tofauti, hilo ni rudio. Ikiwa shoti nzima haipo kwenye toleo la nyumbani, tumia ya nje na uandike waziwazi. Ikiwa kinachokosekana ni fremu 30 tu katikati ya shoti iliyopo, usizibe kwa negativu nyingine. Mruko wa pembe utaumiza macho kuliko pengo lenyewe.

Vibao vya lugha ya nje havikupi maneno ya asili, na ni hatari kuyatafsiri kinyumenyume kisha kuyaita ya asili. Beyond the Rocks ya 1922, iliyopatikana Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuja na vibao vya Kiholanzi. Maneno ya asili hutafutwa kwenye hati ya filamu, kumbukumbu za ukaguzi, au muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Kwa Metropolis, nota za Gottfried Huppertz zilikuwa na maelezo mengi ya matukio kiasi kwamba zilisaidia kujua shoti ipi inafuata ipi.

Rangi

Kwa filamu za rangi za kuanzia miaka ya 1950, kanuni ni fupi. Nakala ya Technicolor ya kuhamisha wino, ambayo Marekani iliendelea kuchapwa hadi katikati ya miaka ya 1970, haififii. Nakala ya Eastmancolor ya kabla ya miaka ya 1980 huenda imegeuka waridi, kwa kuwa buluu na manjano hukimbia kwanza. Ukizikuta zote mbili zenye sehemu iliyopotea, Technicolor ndiyo ya rangi, hata kama Eastmancolor ina picha kali zaidi. Ikiwepo Eastmancolor peke yake, skana iseme ukweli wa kilichobaki. Rangi irekebishwe baadaye kwa kufuata shoti za jirani ambazo negativu yake ipo.

Sauti inaposema kilichotokea

Kwenye nakala ya 35mm sauti haikai pembeni ya picha yake. Imetangulia kwa fremu 21. Kwenye 16mm kwa fremu 26. Hii ni zana ya uchunguzi ambayo inatumika kidogo mno. Tazama mahali picha inaporuka. Kama sauti inaruka karibu sekunde moja baadaye, mtu alikata nakala hiyo kwa mkasi, na nakala nyingine za wakati huo zinaweza kuwa nzima. Kama picha na sauti zinaruka pamoja, ukataji ulifanyika kwenye negativu, na kila nakala iliyochapwa baadaye ina pengo lilelile. Hapo usipoteze muda kwenye nakala dada; tafuta za mapema zaidi.

Kwa ubora, 16mm hupita kwa kasi ya asilimia 40 ya 35mm, na sauti yake hupoteza milio ya juu. Ikiwezekana chukua picha kutoka 16mm na sauti kutoka 35mm, mradi ile 35mm iwe ya lugha hiyohiyo, hata kama picha yake imeoza. Wakati mwingine sauti ndiyo inayosalimika peke yake. Lost Horizon ya 1937 ilirudishiwa sauti yake yote ya dakika 132, lakini picha zilizopatikana zilikuwa za dakika 125, na zile saba zikazibwa kwa picha za mnato. A Star Is Born ya 1954 ilifanyiwa vivyo hivyo mwaka 1983. Ni njia ya haki kwa mtazamaji, maana anaona wazi kilichokosekana.

Kuskani au kunakili kwa mkanda

Kwa kurudisha sehemu iliyopotea, skana inashinda karibu kila mara. Unaweza kupanga shoti upya, kutuliza picha inayotikisika kwa sababu ya kusinyaa, na kurudia bila kuugusa mkanda tena. Mkanda ukiwa umesinyaa zaidi ya asilimia 1, chagua skana inayoendesha kwa rola bila meno. Skani upana wote, pamoja na matundu na maandishi ya ukingo. Faili zitakuwa kubwa, lakini maandishi hayo ni cheti cha kuzaliwa cha nakala. Rili ya futi 1,000 ya 35mm ina fremu 16,000. Kwa 4K kamili ya DPX (aina ya faili ya picha) ya biti 10, kila fremu ni megabaiti 51 hivi, na rili moja hufika gigabaiti 816. Kwa 2K ni robo ya hapo. 16mm nyingi zinatosheka na 2K, isipokuwa ile iliyotoka moja kwa moja kwenye negativu. Hiyo ipe 4K.

Kupitisha mkanda ndani ya kimiminika wakati wa kuskani huziba mikwaruzo ya mgongo, kwa sababu perikloroethilini hupindisha mwanga karibu sawa na mkanda wenyewe. Haisaidii mkwaruzo uliokwangua tabaka la picha, wala ule ulionakiliwa. Kama jaribio la kuinamisha mkanda chini ya taa limekuonyesha kwamba mikwaruzo yote ni ya kunakiliwa, kimiminika hakitakuongezea kitu. Mwanga wa infraredi, ambao kwenye mikanda ya rangi hutambua vumbi, hauna msaada kwenye nyeusi na nyeupe: fedha iliyomo kwenye picha huuzuia, na mashine huona picha yote kuwa uchafu.

Kunakili kwa mkanda mpya wa poliesta kuna nafasi yake bado, hasa kwa kuhifadhi kile kilichopatikana endapo nitrati inaisha. Ila fanya hivyo baada ya kuskani, ukitumia faili zilizokwisha kutulizwa au mkanda wenyewe kama bado una nguvu.

Kuunganisha

Usiishushe picha nzuri ili ifanane na mbaya. Kosa hilo hufanywa na watu wenye nia njema, kwa kuwa mruko wa ubora unawakera. Kinachotakiwa kulingana ni mwanga, weusi na kasi. Chembe na mikwaruzo iliyonakiliwa vinaweza kupunguzwa, si kufutwa hadi nyuso ziwe kama nta. Programu za kusafisha hukosea zaidi kwenye mvua, moshi, cheche na manyoya, ambavyo huviona ni vumbi. Kila shoti iliyosafishwa itazamwe fremu kwa fremu kando ya skani ghafi.

Viungo vya zamani mara nyingi vimekula fremu moja au mbili kila upande. Kabla ya kuziba kwa kubuni fremu, rudi kwenye nakala uliyoikataa mwanzo. Nakala mbaya kabisa inaweza kuwa na fremu hizo mbili.

Na nakala zilizotoa vipande zibaki nzima. Usikate shoti kutoka kwenye 16mm ili uiweke penye filamu kamili. Skani ndiyo inayokatwa. Nitrati ikae peke yake, kwenye baridi ya nyuzi 4 au chini yake, kwenye makopo yasiyozibwa kabisa ili gesi itoke. Asetati inayonuka siki itengwe na asetati nzima, kwa kuwa asidi yake huharakisha uozo wa majirani. Kwenye kopo andika mita zilizopimwa, asilimia ya kusinyaa na tarehe ya kipimo, alama za ukingo kama zilivyoonekana, nyeusi au nyeupe, na namba za shoti ambazo haziko kwenye nakala nyingine yoyote unayoijua.